Ufunguzi usio wa kawaida kwa kete nyeusi: una faida gani hasa?

MshazariMrefu aliuliza:

Wanajamvi, habari za jioni. Ninaomba ushauri wa wale waliocheza sataranji kwa muda mrefu kuliko mimi. Ninachezea klabu ndogo hapa Mombasa. Jumamosi tunacheza michezo ya dakika 15, na mara chache katika mwaka tunashiriki mashindano ya muda mrefu, yale ambayo kila mchezaji hupewa dakika 90 pamoja na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Nikishika nyeupe sina shida kubwa. Nikishika nyeusi, 1.e4 (askari wa mbele ya mfalme akisogea miraba miwili) huijibu kwa Ulinzi wa Sisilia, na hapo ndipo ninapochoka, kwa sababu kila mpinzani ana tawi lake alilolikariri: mmoja anakuja na Alapin, mwingine na Gambiti ya Morra (gambiti ni kumtoa askari mapema ili upate faida nyingine), wa tatu anaingia tawi la wazi lenye hatua ishirini za vitabuni, nami ninajikuta ninasoma sana na kucheza kidogo.

Nimeanza kufikiria njia za ufunguzi ambazo wengi hawazisomi: 1...b6 ya Owen (nukta tatu zinaonyesha hatua ya nyeusi), 1...a6 ambayo Miles alimshinda nayo Karpov, na Gambiti ya Kilatvia. Dhidi ya 1.d4, nimevutiwa na Gambiti ya Englund na ile ya Budapest. Video za mitego zimejaa mtandaoni na karibu zote zinaahidi ushindi ndani ya hatua nane. Je, mchezaji wa kiwango cha kati ananufaika kweli na njia hizi, au anajijengea mazoea yatakayomgharimu baadaye? Naomba pia mnitenganishie moja na nyingine, kwa maana sidhani zote zina uzito mmoja.

NgomeYaPembeni alijibu:

Ndugu Mshazari, kwa kuwa umemtaja Miles, tuanze na mchezo huo, maana watu wengi huutaja bila kuufungua na kuutazama. Ulichezwa mwaka 1980 mjini Skara, Sweden, katika mashindano ya timu za Ulaya. Anatoly Karpov alikuwa bingwa wa dunia. Tony Miles alikuwa Mwingereza wa kwanza kupata cheo cha grandmaster, yaani cheo cha juu kabisa cha sataranji, kwa michezo ya ubaoni, miaka minne tu kabla ya hapo. Karpov akacheza 1.e4, Miles akajibu 1...a6, na baada ya 2.d4 akasogeza 2...b5. Ukumbi mzima ulicheka, kama wanavyosimulia waliohudhuria.

Lakini hebu tazama kilichofuata (N ni farasi, B askofu, Q malkia, R ngome; x ni kula, + ni shaha): 3.Nf3 Bb7 4.Bd3 Nf6 5.Qe2 e6 6.a4 c5. Simamisha ubao hapo. Askofu mmoja wa nyeusi yuko kwenye mshazari mrefu akiikodolea macho e4, farasi mmoja ametoka, askari wa e6 amefungua njia ya askofu wa pili, na c5 inagonga katikati ya ubao kama inavyogonga katika Ulinzi wa Sisilia au wa Kifaransa. Kituko kilikuwa cha hatua mbili tu. Zilizobaki zilikuwa sataranji ya kawaida kabisa. Karpov aliharibu baadaye sana, hatua ya 23, alipopeleka malkia d3: Miles akabadilishana ngome kwenye c1, malkia wake akala b2 na hatua iliyofuata akala e5. Hakukuwa na mtego wa ufunguzi hapo. Aliyeshinda ni mtu aliyeifahamu nafasi yake vizuri kuliko bingwa alivyoifahamu siku hiyo.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba 1...a6 ilimwangusha bingwa wa dunia, mjibu kwamba hatua hiyo ilimtoa bingwa kwenye alichokizoea, na kwamba kazi ya kumwangusha ilifanywa kwa saa kadhaa zilizofuata.

Mwalimu wa Ubao alijibu:

Ninakubaliana na ndugu Ngome. Ningependa kuongeza kipimo ninachowapa wanafunzi wangu kila wanapoleta ufunguzi mpya walioupata mtandaoni. Mpinzani akijibu sawasawa, nyeusi inabaki na nini? Swali hilo linazitenganisha vizuri kabisa zile gambiti mbili ulizozitaja dhidi ya 1.d4, ambazo kwa juu juu zinafanana kwa kuwa zote humtoa askari wa e5 mapema.

Chukua Englund kwanza: 1.d4 e5 2.dxe5 Nc6 3.Nf3 Qe7 4.Bf4 Qb4+ 5.Bd2 Qxb2. Mtego wote umejengwa juu ya matumaini kwamba nyeupe itacheza 6.Bc3, hatua inayoonekana ya maana kwa kuwa inamtishia malkia, na hapo 6...Bb4 inamfunga askofu huyo mbele ya mfalme wake; 7.Qd2 Bxc3 8.Qxc3 na malkia anashuka c1, mfalme amefungwa, mchezo umekwisha. Ni mtego mzuri kuutazama. Sasa nyeupe ikicheza 6.Nc3 badala yake, hesabu ya askari ni sawa kwa sawa, lakini malkia wa nyeusi yuko peke yake ndani ya kambi ya adui. Baada ya 6...Bb4 7.Rb1 Qa3 8.Rb3 Qa5 9.e4, nyeupe ina farasi wawili, askofu na ngome, wote wameingia kazini huku wakimkimbiza malkia. Nyeusi imetoa farasi mmoja na askofu mmoja tu, na askari wa nyeupe aliyeko e5 anamnyima farasi wa pili mraba wake bora wa f6. Hiyo si nafasi ngumu kidogo. Ni nafasi mbaya, tena mbaya kwa muda mrefu. Na hatua ya 6.Nc3 haihitaji kipaji, inahitaji mpinzani awe ameshafungwa namna hiyo mara moja maishani.

Sasa Budapest: 1.d4 Nf6 2.c4 e5 3.dxe5 Ng4 4.Bf4 Nc6 5.Nf3 Bb4+ 6.Nbd2 Qe7 7.a3 Ngxe5. Nyeusi imemwacha askofu wake wa b4 aliwe, na mwenye tamaa akicheza 8.axb4, farasi anaruka d3 na mfalme amekwisha akiwa amezungukwa na kete zake mwenyewe, kwa sababu askari wa e2 hawezi kumla farasi huyo wakati malkia wa nyeusi anamtazama mfalme kupitia safu ya e. Mpinzani asipoingia mtegoni, akacheza 8.Nxe5 Nxe5 9.e3 Bxd2+ 10.Qxd2, nyeusi inacheza 10...d6 na kumpeleka mfalme mahali salama bila wasiwasi. Nyeupe ina maaskofu wawili na nafasi nzuri kidogo. Nyeusi imerudishiwa askari wake, haina udhaifu wowote mkubwa, na ina farasi mzuri katikati. Mtego umeshindikana na mchezo bado upo. Ndiyo maana Budapest, ambayo inajulikana tangu Maróczy alipoijaribu mjini humo mwaka 1896, haijafa hadi leo, ingawa wakubwa wa dunia hawaitumii mara kwa mara.

Gambiti ya Kilatvia, yaani 1.e4 e5 2.Nf3 f5, mimi naiweka karibu na Englund kuliko Budapest, japo ina heshima zaidi kwa kuwa wachezaji wa Riga, hasa Kārlis Bētiņš, waliichambua kwa miaka mingi, na wachezaji wa sataranji kwa barua wameipenda sana. Baada ya 3.Nxe5 Qf6 4.d4 d6 5.Nc4 fxe4 6.Nc3 Qg6 nyeusi haina deni la askari, lakini kete yake pekee iliyotoka ni malkia, na mshazari wa kutoka e8 hadi h5 umebaki wazi kwa mchezo mzima. Ukiwa unapenda kuishi hivyo, shauri yako.

KitundaChaTatu alijibu:

Ninaheshimu maelezo ya Mwalimu, ila naona jambo moja la msingi halijatajwa. Nyeupe inaanza ikiwa na hatua moja mbele. Mtu mwenye nyeupe akicheza kitu cha ajabu, kwa mfano 1.g4 ambayo Michael Basman wa Uingereza aliicheza kwa miaka mingi, anatumia akiba aliyonayo na kubaki pabaya kidogo tu. Mtu mwenye nyeusi hana akiba hiyo. Basman alithubutu hata kuijibu 1.e4 kwa 1...g5, na hapo hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa nyeupe inacheza 2.d4, inachukua katikati yote bila kupingwa, kisha inamshambulia askari wa g5 kwa h4 wakati ngome, farasi na askofu wa upande ule bado wamelala. Kosa lilelile lina bei mbili tofauti kulingana na rangi ya kete ulizoshika.

Hata wenye uwezo mkubwa kabisa hulipa bei hiyo. Katika Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2010 kule Khanty-Mansiysk, Urusi, Magnus Carlsen, ambaye alikwisha kuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani, alimjibu Michael Adams kwa 1.e4 g6 2.d4 Nf6, akamruhusu askari asonge 3.e5 na farasi akakimbilia h5, ukingoni mwa ubao. Adams hakuhamaki, alicheza hatua za kawaida, na akashinda. Ikiwa Carlsen hakuweza kuitetea nafasi ile, mimi na wewe tuwe na adabu.

La pili ni la mazingira yetu. Wewe unacheza na watu walewale kila Jumamosi. Mshangao katika klabu ya watu wachache haudumu. Ukimfunga mtu leo kwa Englund, kabla ya Jumamosi ijayo ameshaonyeshwa na mwenzake hatua ya 6.Nc3, na klabu nzima inaijua. Mtandaoni pia michezo yako yote iko hadharani, na mpinzani makini wa mashindano atafungua akaunti yako usiku wa kuamkia mchezo. Sisi tuliotoka kwenye drafti za vijiweni tunalijua hili: mtego ule ule haumli mtu mmoja mara mbili.

NgomeYaPembeni alijibu:

Ndugu Kitunda, umesema kweli kuhusu akiba ya hatua moja, lakini mfano wa Carlsen unakata pande zote mbili. Mwaka 2014, katika Olimpiadi ya Tromsø, akiwa tayari bingwa wa dunia, alimjibu Fabiano Caruana kwa 1.e4 d5 2.exd5 Qxd5, Ulinzi wa Kiskandinavia ambao vitabu vya zamani viliukemea kwa kumtoa malkia mapema, na akashinda. Tofauti ya mchezo huo na ule wa Adams haiko kwenye ukubwa wa kituko. Katika Kiskandinavia nyeusi imemwondoa askari wa e4, na askofu wake wa c8 anapata njia ya kutoka mapema. Katika ile ya 2010, nyeupe iliachiwa katikati yote bure na farasi akapelekwa pembeni.

Tena huu mpaka kati ya kawaida na isiyo ya kawaida unahama. Alekhine alipoijibu e4 kwa 1...Nf6 mjini Budapest mwaka 1921, akiwaalika askari wa nyeupe wamkimbize farasi wake, wengi waliona ni dharau kwa kanuni zote. Mwaka 1972 Fischer aliutumia ulinzi huohuo dhidi ya Spassky katika mechi ya ubingwa wa dunia, akashinda mchezo wa 13 nao. Spassky mwenyewe, katika mechi ya 1966 dhidi ya Petrosian, alicheza ule mfumo wa Kiboko, ambao askari wa nyeusi hukaa kwenye safu ya sita kama ukuta na kete zote hujipanga nyuma yao, akapata sare. Sidhani ni haki kuziweka njia hizi kapu moja na 1...g5.

MshazariMrefu alijibu:

Nawashukuru sana, hasa Mwalimu kwa ule ulinganisho. Englund nimeiacha rasmi, nitabaki nayo kwa michezo ya dakika tatu ya kujifurahisha usiku. Bado 1...b6 inanivutia, kwa kuwa inaonekana hainilazimishi kukariri, na pia ningeweza kuitumia dhidi ya 1.d4 na 1.c4. Je, hatari yake iko wapi? Na je, ni kweli kwamba iliwahi kumshinda Paul Morphy?

Mwalimu wa Ubao alijibu:

Ni kweli. John Owen, kasisi wa Kiingereza, alimshinda Morphy kwa 1...b6 mwaka 1858, na jina la ulinzi huu limetokana naye. Usiichukue kama hati ya dhamana, kwa sababu baadaye mwaka huohuo walicheza mechi ambayo Morphy alimpa Owen nafuu ya askari mmoja na hatua ya kwanza, na Morphy akashinda mechi hiyo.

Hatari ya Owen ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya haraka, na inawakumba wenye pupa. Baada ya 1.e4 b6 2.d4 Bb7 3.Bd3, vijana wengi huona askari wa g2 hana tena mlinzi kwa kuwa askofu aliyemlinda ameshaondoka, nao hucheza 3...f5 ili kumfungulia njia askofu wa b7. Nyeupe inakula, 4.exf5, nyeusi inakula g2 na kuona ngome ya h1 imekwisha. Hapo ndipo inapokuja 5.Qh5+ g6 6.fxg6, na nyeusi ikicheza 6...Nf6 kumtishia malkia, jibu ni 7.gxh7+, malkia anaachwa aliwe, 7...Nxh5, na askofu anatua g6: mfalme amefungwa. Greco aliiandika njia hii katika karne ya 17, na hadi leo inaangusha watu. Kuna hatua bora kidogo, 6...Bg7, inayompa mfalme mahali pa kukimbilia, lakini hata hiyo ni ngumu kuicheza. Dawa ni kutokucheza f5 mapema. Cheza 3...e6, kisha 4.Nf3 c5, na baada ya 5.c3 Nf6 6.Qe2 una mchezo wa kweli: unaishambulia d4 kwa c5, unaishambulia e4 kwa askofu na farasi, na nyeupe inalazimika kuvilinda vyote viwili.

Hatari ya pili ni ya polepole, nayo ndiyo inayonifanya nisiwape wanafunzi wadogo ufunguzi huu. Nyeupe ina nafasi pana zaidi. Kete zako zina mahali pa kukaa, lakini zina mahali pachache pa kwenda, na mchezaji ambaye hajajifunza kusubiri huanza kusogeza askari mmoja hapa na mwingine pale mpaka anajibana mwenyewe. Unaposema haikulazimishi kukariri, uko sahihi kwa hatua kumi za mwanzo. Baada ya hapo inakudai kitu kigumu zaidi, yaani kujua ni lini uvunje katikati kwa c5 au d5, na ni kete zipi ubadilishane ili upumue. Kwa michezo yako ya dakika 15 inafaa sana, kwa sababu mpinzani atatumia muda wake mwingi mapema kutafuta jinsi ya kukuadhibu, na hakuna adhabu ya haraka. Kwa ile ya dakika 90, mpinzani ana muda wa kujenga nafasi yake polepole, na hapo utahitaji kuwa umeshacheza nafasi hizo mara nyingi.

Sisilia yako usiitupe. Iendeleze katika michezo mirefu, na Owen iwe silaha ya pili.

KitundaChaTatu alijibu:

Hapo kwenye silaha ya pili nakubali, na nitaacha ubishi. Nina nyongeza moja tu kuhusu Budapest, kwa kuwa naona ndugu Mshazari ameipenda. Gambiti hiyo inapatikana tu ikiwa nyeupe imecheza 2.c4. Siku hizi nusu ya wachezaji wa klabu wakianza na 1.d4 wanatoa askofu f4 hatua ya pili na kupanga mfumo wa London, au wanacheza 2.Nf3, na vyote viwili vinailinda e5 kabla hujaigusa. Unaweza kusoma Budapest miezi mitatu na usiipate ubaoni hata mara moja.

MshazariMrefu alijibu:

Kweli kabisa, klabuni kwetu London ndiyo imetawala. Je, baada ya 1.d4 Nf6 2.Bf4 nifanye nini ili nisipoteze kazi yote niliyoifanya?

Mwalimu wa Ubao alijibu:

Cheza 2...c5 moja kwa moja. Nyeupe ikijibu 3.e3, toa malkia 3...Qb6 na umtazame askari wa b2, ambaye askofu aliyetoka mapema amemwacha bila mlinzi. Wachezaji wengi wa London hupanga kete zao bila kuangalia unachofanya, na hatua hiyo inawalazimisha kufikiri hatua ya nne tu ya mchezo. Wakijibu 4.Nc3, ambayo ndiyo hatua kali, usimle b2 hovyo: farasi anatishia kuruka b5 kuelekea c7, na malkia wako atakimbizwa kama yule wa Englund. Kwanza cheza 4...a6 umnyime farasi mraba wa b5, na ulizoee tawi hilo katika michezo ya Jumamosi kabla ya kulipeleka kwenye mashindano.